Atakayekuja Kwanza

Coleta aliingia kinyumenyume. Kisigino kilitangulia, mgongo ukafuata, kanga imemfunika kichwa na viatu kaviacha nje kwenye baridi. Alipofika katikati ya chumba akasimama, akasubiri kuambiwa ageuke.

"Geuka tu, dada, karibu," Debora alisema huku akijizuia kucheka. "Hapa si kwa mganga wa kienyeji. Mimi ni mtaalamu."

"Ndiyo, mtaalamu. Shikamoo."

"Marahaba."

Coleta akageuka, akajicheka mwenyewe, aibu ikamtoka. Wakaketi.

Debora alikuwa mgeni Sumbawanga. Alitoka Dodoma na cheti chenye muhuri wa kung'aa, akapanga chumba nyuma ya duka la pembejeo, akatundika kibao: MTAALAMU WA KUTULIZA AKILI. Kazi yake ilikuwa kumlegeza mtu mwili, kumshusha taratibu mpaka awe kama anayesinzia huku anasikia, kisha kusema na moyo wake. Kazi aliijua, hilo tusimnyime. Watu wa mji huu hakuwajua, lakini kwenye mtihani hawakuulizwa.

Shida ya Coleta haikuhitaji kuchimbwa. Mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa bado mchanga, bila hata kuugua. Sasa alikuwa na mimba ya pili na usingizi umemkimbia. Chakula hakipiti. Presha imepanda hadi nesi wa kliniki akamwambia bila kumficha kwamba akiendelea hivi, huyu naye atampoteza.

"Nataka huyu abaki," alisema, mkono tumboni. "Mengine yote nitavumilia. Nimechoka kuzika."

Alitoka kijijini, upande wa Laela, na hakuwa na watu wengi. Mama yake alikufa zamani. Aliyemlea ni mama mdogo, na huyo huyo ndiye aliyemkanda maji ya moto alipojifungua. Zaidi ya hapo ni mume wake, Isdori, na ukoo wa mume.

Debora akamlaza kwenye kochi, akamfunika blanketi. Akamwambia avute pumzi, aishushe. Alegeze taya. Alegeze mabega. Ile sauti yake ilikuwa ya kubembeleza mtoto, na mikono ya Coleta ikafunguka kama ya mtu aliyetua ndoo.

"Uko mahali unapopapenda. Ni wapi?"

"Shambani. Maharage yamechanua."

"Vizuri. Sasa kuna mtu anakuja kwako. Usimchague, mwache aje mwenyewe. Atakayekuja kwanza, ndiye."

Chuoni walifundishwa kwamba akili ikitulia humleta yenyewe yule ambaye mgonjwa anaweza kumwegemea. Walifundishwa pia wasimwambie mgonjwa anayetafutwa ni mtu wa namna gani, wasije wakamjaza maneno. Debora alikuwa mwanafunzi mzuri. Hakusema.

Kisha kope za Coleta zikatetemeka.

"Mama mdogo Silvana," alisema. "Ameshika kikombe cha uji wa ulezi. Ananiletea mimi."

"Mwangalie vizuri. Ni yeye?"

"Ni yeye." Machozi yakaanza kumtiririka mpaka masikioni. "Sikumdhania yeye."

"Mara nyingi huwa ni mtu wa karibu," Debora alisema kwa upole. "Tena wa karibu kabisa."

"Hakuna kukosea?"

"Moyo ukitulia haudanganyi."

Debora mwenyewe machozi yalimlengalenga. Alipenda siku za namna hii, mtu anapoingia na mzigo na wewe unauona unashuka. Akamwamsha taratibu, akampa maji, akamwacha alie mpaka atosheke.

"Jambo hili usikae nalo peke yako," alimwambia wakiwa mlangoni. "Mshirikishe mume wako. Kisha nendeni wote kwa mama mdogo, mkae naye, mseme yaliyo moyoni. Msilaze kiporo."

Coleta aliitikia kila neno, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Coleta aliporudi, Debora nusura asimtambue. Mashavu yalikuwa yamejaa. Presha imeshuka, nesi mwenyewe kashangaa. Isdori alibaki nje, akimfungua kamba beberu mweupe aliyekuja naye nyuma ya pikipiki. Ilikuwa shukrani yao, Coleta alieleza, na shukrani hutolewa kazi ikishajibu. Debora akakataa, akakataa tena, mwisho akapokea, maana kukataa ukarimu wa watu si heshima.

"Kwa hiyo unalala?"

"Nalala mpaka kunakucha. Na mtoto anacheza, shika hapa."

Debora akaweka kiganja. Mtoto akapiga teke, wote wawili wakacheka kwa sauti. Kwa furaha ile angeweza kufanya kazi bure mwaka mzima.

"Na mama mdogo? Mlikwenda?"

"Tulikwenda. Mimi, Isdori na kaka zake. Niliyasema yote mbele yao, kama ulivyonielekeza."

"Yeye alisemaje?"

Coleta aliinamisha kichwa, akavuta pumzi, akaishusha taratibu, vile alivyofundishwa.

"Alikana, mtaalamu. Mlango tumeufunga kwa nje, paa la nyasi linawaka linamwangukia, bado anakana, bado ananiita mwanangu."