Marahaba ya Mwanahawa

Siku hizo kila mlango wa nyumba ulikuwa na sikio. Mzee akiamkiwa, akajibu marahaba, sikio lilisoma moyo wake katika sauti, na moyo ukiwa na hitilafu daktari alikuwa njiani kabla chai haijapoa. Ndivyo mama mkwe wa Nakiete alivyopona mara mbili.

Asubuhi moja Nakiete alimkuta mfanyakazi wao wa ndani, dada Mwanahawa, ameketi sakafuni jikoni, ameshika kifua.

“Dada, vipi tena?”

“Uchovu tu, mama. Umeanza juzi, utaisha.”

Nakiete akaugeukia mlango. “Mlete daktari!”

“Marahaba ya huyu sijawahi kuisikia,” mlango ukajibu kwa upole. “Aamkiwe kwanza.”

Miaka yote ile chini ya paa moja! Nywele za Mwanahawa zilikuwa nyeupe kuliko za mama mkwe, na hakuna aliyewahi kumwamkia, hata Nakiete mwenyewe. Aibu ikamchoma hadi masikioni. Akapiga magoti.

“Shikamoo, mama.”

Mwanahawa aligeuza shingo polepole, akatazama nyuma yake, aone ni mzee gani aliyeingia.