Anayebisha

Siku hizi filamu ya kutisha haina waigizaji. Nyumba yako ndiyo inayoigiza. Inafunga madirisha, inazima taa, inachota sauti ilizowahi kuzisikia humo ndani, kisha muuaji anaanza kubisha mlango wa sebule kwa sauti mojawapo. Ukimfungulia, filamu imekwisha.

Mama yangu, Ndeshi, ambaye hata kuku akichinjwa hugeuza uso, sasa anaiwasha kila jioni. Nilidhani ni upweke tu, tangu baba afariki. Jana nikakaa naye.

Mlango uligongwa mara mbili, kikafuata kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha baba, kile cha jioni alipokuwa akirudi kutoka migombani na matope miguuni.

"Mama Aikande, nifungulie basi. Huku nje kuna baridi."

"Mama, huyo si baba," nikanong'ona. "Ni nyumba tu."

"Kwani mimi sijui?" akanijibu kwa ukali.

Akavuta kigoda hadi mlangoni, akaketi, akaegemeza shavu kwenye mbao. Kitasa kilikuwa karibu na mkono wake. Hakukigusa.

"Sifungui, Baba Aikande," akasema taratibu. "Bisha tena."