Chumvi Kwenye Maharage

Siku hizi chumvi huruhusiwa msibani tu. Siku nyingine zote tunakula vyakula chapwa, na wanasema ulimi huzoea. Wangu umekataa. Kwenye msiba wa jirani niliiba chumvi kidogo, nikaifunga kwenye pindo la kanga, na leo nikaitia kwenye maharage ya mchana.

Binti yangu Ndeshi, aliyezaliwa sheria hiyo ikiwa tayari ipo, alionja kijiko kimoja akakiweka chini.

"Mama, nani amekufa?"

"Hakuna mtu. Kula, mwanangu, leo mboga imekolea."

Hakula. Aliingia chumbani, akatoka na kanga yangu kichwani, akaketi sakafuni na kuegemea ukuta, kama tunavyokaa misibani. Nilicheka, lakini na mimi chakula kikaanza kunishinda.

Mume wangu alirudi mapema kuliko kawaida. Hakutusalimia. Alimtazama mtoto pale chini, akachovya kidole kwenye sufuria, akaonja. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe wameshakupigia," akasema. "Pole, mke wangu. Njia nzima nilikuwa nawaza nitakuambiaje."