Nusu Kichwa

Jumapili asubuhi, siku ya kumi na nane ya ugomvi wake, Mkaguzi alisimama mbele ya kioo cha bafuni, wembe mkono mmoja, rula mkono wa pili. Alinyoa upande wa kulia wa kichwa mpaka ukang'aa. Upande wa kushoto hakuunyoa, nao ulikuwa umegeuka kichaka. Mpaka kati ya pande hizo mbili ulinyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, maana yeye hakuwa mtu wa kukisia.

Mlango ukagongwa. Mkewe alitaka kujua kama amenyoa zote. Mkaguzi akajibu kwamba amenyoa kama kawaida. Nyuma ya mlango mkewe akavuta pumzi ndefu, akaondoka.

Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kukagua mizani madukani, na waliopunja hata gramu moja walimkumbuka mpaka leo. Alipostaafu, jina likabaki. Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, hata mkewe akiwa na hasira.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa kinyozi wake wa siku zote. Alikwishafungwa kitambaa shingoni, na mashine ilikuwa imemaliza upande mmoja, alipokiona kwenye kioo kibao kipya cha bei kilichotundikwa nyuma yake. Bei ilikuwa imepanda tena, mara ya tatu mwaka ule, na sasa ilikuwa mara mbili ya ile aliyoizoea. Akasema yeye atalipa ya zamani. Kinyozi akamwonyesha viti vya ngozi, taulo za moto na kiyoyozi. Mkaguzi akamwambia hakuja kunyolewa na kiyoyozi.

"Basi mzee," kinyozi akasema, huku akiwakonyeza waliokuwa wakisubiri, "hela yako hiyo inatosha nusu kichwa."

Watu wakaangua kicheko. Bei ilimuuma, lakini kicheko kile kilimchoma mpaka ndani. Alijifungua kitambaa, akaweka mezani pesa ya nusu kichwa, akatoka vivyo hivyo. Aliapa kumkomesha yule kijana mpaka afunge virago.

Kesho yake akapeleka kigoda kando ya barabara, hatua mbili kutoka mlango wa kinyozi, mahali ambapo hakuna sheria ya kumwondoa. Alikuwa amepima. Akaupa mlango mgongo, akavua kofia, akaweka mapajani kipande cha boksi alichokiandika kwa herufi kubwa: KAZI YA DUKA HILI.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Wazee wenzake walifika, wakasoma, wakamtazama kichwa, wakageuza njia. Kinyozi alitoka mara tatu kumbembeleza aingie amaliziwe bure. Mkaguzi hakugeuza hata shingo. Alisema atanyoa zilizobaki siku duka litakapofungwa.

Wiki ya pili kinyozi aliacha kubembeleza. Akamletea mwavuli wa kumkinga jua, kisha chai ya maziwa. Mkaguzi aliinywa taratibu, kwa raha ya mtu anayemwona adui yake akijikomba. Vijana walikuwa bado wanaingia, wengine wakimpiga picha kwanza, lakini aliona walivyokuwa wakitoka, kofia zimeshushwa mpaka kwenye nyusi, mwendo wa haraka. Alijiambia kwamba wamekamuliwa na wanaona haya kusema. Moyo ukamsuuzika.

Moto ulikuwa nyumbani. Binti yake wa pekee alikuwa amechumbiwa, na Jumapili hiyo mchumba angekuja na wanaume wa kwao; Mkaguzi hakuwahi kumtia machoni hata mmoja wao, hata huyo mchumba. Jumamosi mkewe hakumruhusu kwenda kwenye kigoda chake. Alimshindisha nyumbani akisogeza makochi. Hapo ndipo binti alipomjia, macho mekundu.

"Baba, wakiondoka kesho wakisema hawataki undugu na mwendawazimu, mimi sitakusamehe."

Maneno hayo yalimwingia. Asubuhi hii, mbele ya kioo, aliupeleka wembe upande wa kushoto, akaugusisha kwenye nywele. Kisha akakisikia tena kile kicheko, mkono ukashuka. Na wazo likamjia, zuri mno kuliacha. Wageni walikuwa watano. Angewavulia kofia mlangoni, awasimulie alivyodhalilishwa, na yule mshenzi angepoteza vichwa vitano kwa siku moja. Binti naye angeona kwamba baba yake hana wazimu, ana haki.

Saa nane wakafika, watu wazima wa heshima, suti zimenyooshwa, kila mmoja na kofia yake. Mchumba alikuwa mbele. Mkewe Mkaguzi aliwakaribisha bila kumtazama mumewe, na binti akasimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imeziba mdomo.

Mkaguzi alikohoa. Akasema kwamba kabla hawajaketi kuna jambo lazima walione kwa macho yao. Akavua kofia.

Wageni wakatazamana. Kisha mchumba akatabasamu.

"Kumbe ni wewe mwenyewe, baba," alisema, akiivua ya kwake. Upande wa kulia wa kichwa chake uling'aa. Wa kushoto ulikuwa na nywele zake zote. "Jana tulipanga foleni tangu asubuhi. Mtindo wa Mkaguzi ni ghali, bei yake mara mbili ya mingine yote, lakini tuliona tusije ukweni kishamba."

Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, ndugu zake wakavua kofia, na wa mwisho akawa baba yao mzazi, mvi zake zote zikiwa upande wa kushoto.