Dhahabu Iliyoganda

Asubuhi ya kutetea tasnifu yake ya uzamili, mwanafunzi aliikuta dhahabu yake imeganda kwenye friza, kati ya kuku na mfuko wa njegere.

"Nani kaiweka huku?" aliuliza.

"Mimi," alisema nesi, akipaka mkate siagi. "Jana niliiona imebanwa na maziwa kwenye friji. Nikaogopa itaharibika."

Mwanafunzi alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Jana maji yake yalikuwa mekundu kama juisi ya zabibu, yamejaa chembe za dhahabu ndogo kuliko kitu chochote kinachoonekana kwa macho, kila moja ikielea kivyake. Sasa zilikuwa zimekumbatiana. Barafu ilikuwa ya kijivu kama maji yaliyosuuza sufuria ya masizi.

"Si itayeyuka?"

"Barafu itayeyuka. Dhahabu haitaachana tena."

Nesi aliweka kisu chini. Habari za dhahabu hiyo alizila pamoja na chakula cha jioni tangu masomo yaanze: ukiitia kwenye maji safi inabaki nyekundu, ukiitia kwenye maji yenye sumu ya madini ya risasi inageuka buluu, na hata asiyejua kusoma anaona kwamba hayo si ya kunywa.

Masomo yenyewe yalikuwa yameshakatika mara moja. Mwanafunzi alipata mimba, akarudi nyumbani, akaapa kwamba atarejea mtoto akikua kidogo. Mtoto akakua, visingizio navyo vikakua. Mwishowe nesi ndiye aliyemwandikisha upya kwa nguvu, akampeleka siku ya kwanza, akamwonyesha darasa, maktaba na choo.

"Haya mama, kunywa chai," alisema sasa, kwa upole usio wa kawaida yake. "Miwani unayo? Kitambulisho? Umekwenda haja?"

"Nimekwenda."

"Nenda tena."

Nesi ndiye aliyeendesha gari mpaka karibu na chuo.

"Waambie ukweli," alisema nesi. "Sema kosa ni langu."

"Niwaambie dhahabu yangu imelala na kuku?"

Mwanafunzi alishuka akakimbia. Nesi alipomaliza kuegesha gari na kumfuata, mlinzi alimzuia mlangoni.

"Wazazi wanasubiri kwenye benchi lile."

Hakuwa na nguvu za kubishana. Akaenda akaketi karibu na baba mmoja aliyevaa tai fupi.

"Wako anasomea nini?" aliuliza yule baba.

"Nanoteknolojia."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Vitu vidogo mno. Havionekani."

"Wangu anasomea sheria, na yeye mwenyewe ndiye haonekani. Nyumbani anakuja kula tu."

Nesi alicheka bila kupenda, kisha akakumbuka friza.

Ndani, mtahini mkuu, profesa ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, alinyoosha mkono. "Sampuli iko wapi?"

"Imeganda," alisema mwanafunzi. "Nyumbani kwetu kuna mtu ananipenda kupita kiasi."

"Basi hatuna cha kuangalia."

Mwanafunzi alishika ukingo wa meza. "Twendeni maabara. Nitatengeneza nyingine mbele yenu."

Wakatoka kwa mstari, wakapita mbele ya benchi. Nesi alisimama, akaketi, akasimama. Mwanafunzi hakumtazama, angemtazama angelia.

Alichemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, manjano hafifu, kisha akamimina sitreti, dawa ya kuzalisha chembe. Rangi ikapotea kabisa. Yakabaki kama maji ya bomba. Profesa akatazama saa yake. Maji yakaanza kuingia giza, yakawa meusi kama wino, na mtahini wa pili akaguna kwa huruma. Mwanafunzi aliendelea kukoroga. Weusi ukalegea ukawa zambarau, na kabla mtu hajasema neno, chupa nzima ikawaka nyekundu.

Alipoyapoza, alitia kidogo kwenye glasi mbili za maji. Ya kwanza ilibaki nyekundu. Ya pili, yenye risasi, iligeuka buluu palepale.

Profesa alikuwa ameinama mpaka miwani imepata ukungu.

"Hebu tena," alisema, na meno yakaonekana.

Nje, mlango ulipofunguliwa, nesi alikuwa ameshazunguka benchi mpaka baba wa tai akapata kizunguzungu.

"Nimefaulu," alisema mwanafunzi.

Huyu nesi alikuwa mtu wa kushona majeraha huku akiuliza mgonjwa amekula nini. Hapo alipasuka kilio kilichowafanya watu waache mazungumzo kwenye ukumbi mzima. Baba wa tai akatoa leso, akaona haitoshi, akairudisha mfukoni.

"Nilidhani nimekukatizia masomo," alisema kwa kwikwi. "Nilidhani nimekukatizia tena."

Mwanafunzi alimvuta kifuani, akamsukasuka taratibu.

"Nyamaza basi," alimnong'oneza. "Mbona hata siku niliyokuzaa hukulia hivi."