Chatu na Tovuti Mpya

Mungu anisamehe, nami niliwahi kupoteza picha za watu kwa ujeuri, kama Chatu.

Chatu alitengeneza tovuti ya wanyama, akahifadhi picha zao humo humo ndani.

“Kaka, zipeleke kwenye hifadhi ya wingu, kule mtandaoni nje ya tovuti,” Kindi alimsihi. “Tovuti ikibadilishwa, picha zibaki salama.”

“Wewe Kindi, kila kitu kwako ni kuficha njugu! Mimi huvua ngozi kuukuu, nikang’aa.”

Akaweka tovuti mpya. Ya zamani ikafutika pamoja na picha zote.

Mama Kanga akaja mbio. “Mwanangu, tovuti inapendeza. Sasa yuko wapi marehemu kifaranga wangu? Sina picha nyingine.”

Chatu akainamisha kichwa, akalia. Mama Kanga akalia naye.

Tafadhali, ndugu yangu, kabla hujabadilisha tovuti, picha za watu zipeleke winguni kwanza.