Motokaa ya Kwenda Abercorn

Rejeta ilichemka walipoipita Mpui, na Ignasi akawa wa kwanza kusema wasisimame.

"Bwana, hili ni gari la watu," alijibu Bashiri, dereva. "Nikiliunguza, Mzee Saad atanichuna ngozi." Akaliegesha kando ya barabara, akafunua boneti, mvuke ukamfuka usoni. "Tunataka maji. Pale naona nyumba."

Ignasi alikuwa ameshaiona nyumba ile. Alizaliwa ndani yake.

Hakupanga kupita huku. Alipokodi gari kwa Mzee Saad, tajiri wa magari pale Sumbawanga, aliambiwa watashika njia ya Matai hadi Abercorn, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Rodeshia. Karani wa boma kumpeleka mkewe Silvana likizo nchi ya watu, tena kwa motokaa yenye dereva! Mji mzima ulilisema jambo hilo, naye alilisikia kwa raha. Asubuhi ya safari ndipo Bashiri alipomwambia kuwa mto umelichukua daraja la Matai, itabidi wazungukie Mpui. Angeahirisha kwa sababu gani? Silvana alikuwa amekwisha kuvaa gauni jipya na kufunga kapu la chakula.

Silvana alikuwa binti wa mwalimu, mzaliwa wa Tabora. Siku ya posa wazee wa kwao walimwuliza Ignasi habari za wazazi wake. Baba alikuwa amefariki kweli. Mama alikuwa hai, na alikuwa na rovu shingoni, limening'inia kama kibuyu. Ignasi alikumbuka siku mama huyo alipomletea unga wa ulezi kule shule ya misheni, na wenzake wakajifunga matambara shingoni, wakatembea nyuma yake wakimwigiza. Basi akawajibu wale wazee, "Wote wawili wamefariki." Maneno yalimtoka kwa wepisi uliomshangaza mwenyewe.

Bashiri alikuwa amepiga hodi kuomba maji, na sasa mama alikuwa anakuja na mtungi kichwani. Rovu lilikuwa limekua. Ignasi alishusha kofia hadi kwenye nyusi, akageukia upande wa pili.

"Shikamoo, mama," alisema Silvana akishuka.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu aliyezoea Kifipa. Alimpa Bashiri mtungi, kisha akainama kuchungulia ndani ya gari. "Na bwana hashuki?"

"Amechoka na safari."

Vumbi lilimkaba Ignasi, akakohoa. Mama alibaki ameinama pale kwa kitambo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, na Ignasi akajifariji kwamba haoni zaidi ya urefu wa mkono wake. Halafu mama akajinyoosha, akaenda zake jikoni.

Ilibidi waungoje mtambo upoe. Mama akatandika mkeka kando ya gari, akaleta ugali wa ulezi na maharage. Silvana alivua viatu, akaketi, akanawa, akala kwa mkono kama aliyefika kwao. Ignasi alibaki garini, na kwa dirisha lililokuwa wazi alisikia kila neno.

"Una watoto, mama?"

"Mmoja, wa kiume. Alisoma sana."

"Yuko wapi?"

"Kwenye kazi zake." Mama akamsogezea bakuli la maharage. "Na wewe, mwanangu, mama mkwe wako anakupenda?"

"Sikumkuta. Alifariki zamani. Mume wangu hapendi hata atajwe, uchungu humzidi."

Mama alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. Kuku alikuwa anaparua karibu na gurudumu.

"Pole, mwanangu," alisema hatimaye. "Pole sana. Na bwana naye umfikishie pole yangu."

Ignasi aliuziba mdomo wake kwa kiganja. Angefungua mlango tu, angesema neno moja tu. Lakini Bashiri alikuwa amekwisha kulifunga boneti, na mtambo ukanguruma.

Mama alimjazia Silvana kapu kwa mayai, akakataa hata kushukuriwa. Gari likaondoka.

"Mama mwema jamani!" alisema Silvana akifuta macho. "Huyo mwanawe ana bahati. Sijui kama anajua."

Ignasi aligeuka kutazama nyuma. Walipofika kwenye kona, pale ambapo nyumba ingepotea machoni, kitu kilimkatika ndani.

"Simama!"

Bashiri alikanyaga breki. Ignasi alishuka akikimbia, kofia ikamwanguka barabarani, hakuigeukia. Silvana akamfuata mbio asijue kuna nini. Walimkuta mama akikunja mkeka. Ignasi akajitupa magotini mbele yake, akaishika miguu yake yenye vumbi, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Mama, ni mimi. Nisamehe mama, ni mimi."

Silvana alisimama ghafla, mikono kichwani.

Mama aliuweka mkeka chini. Akainama, akayafuta machozi ya Ignasi kwa ncha ya kanga yake, polepole, jicho moja kisha la pili. Ignasi akaulaza uso wake katika kiganja kile, pumzi ikamshuka.

"Inuka, bwana, unajichafua," alisema mama. "Mama yako alifariki. Mkeo ameniambia, nami nimekwisha kukupa pole."

Akaingia ndani, akarudisha mlango, na komeo likasikika likiingia mahali pake. Kisha sauti yake ikatoka nyuma ya mlango.

"Safari njema, Ignasi."